Mahali pa Kumzika Baba

Mara tatu nimetoka Jinja kwenda Mbale kuutafuta ukoo wa babu, aliyemzaa baba, na mpaka sasa nimechoka na hao watu. Baba ni askari jela mstaafu, figo zimemchosha, na ana ombi moja tu: azikwe kwa watu wake. Hapa Jinja nyumba tunapanga tu, ardhi hatuna. Tulichojua ni kwamba babu alikuja zamani za Waingereza, akawa mwanajeshi, akasilimu, asirudi kwao tena.

Karani mmoja wa kumbukumbu za jeshi alinizungusha wiki nzima, njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, mpaka nikamkalia pale pale mezani. Akanipa mstari mmoja: jina la babu, na jina la kilima cha kwao juu ya Mbale.

Safari ya tatu ndiyo iliyonifikisha kwa mzee wa ukoo, anayeishi kwa binti yake, mtaa wa Namakwekwe pale Mbale. Nilipotaja jina, akalijua mara moja. Hata kiti hakunipa.

"Huyo alikimbia kisu," akasema.

Kwa Wagisu, kabila la babu, mwanamume hutahiriwa amesimama wima, uwanjani, watu wote wakimtazama. Zamu ya babu ilipofika, alitorokea jeshini Jinja, na ukoo ukamfuta. Nikachemka. "Mzee, mtu amepigana vita vya Wazungu miaka na miaka, leo mnamwita mwoga? Na aliposilimu alitahiriwa huko huko kambini."

"Alitahiriwa amelala. Hilo halihesabiki."

"Haya. Na baba yangu amekosa nini, asizikwe kwenu?"

"Mtoto wa nyoka ni nyoka. Tena wewe ni mwanamke, maneno haya si yako."

Mimi na hasira tulizaliwa siku moja. Nilitoka bila kuaga, nikagombana hadi na mwenye boda aliyenipeleka stendi, maskini, naye hakuwa na kosa.

Baba nilimkuta barazani, kafunga vifungo vyote vya shati, ananisubiri. "Umewapata?" Nilitamani kumdanganya, nikashindwa. Nikamweleza yote, hata la nyoka. Akaangalia mikono yake.

"Sawa, yeye alikimbia," akasema. "Na mimi, mwanangu? Mimi nilimkimbia nani?"

Jumamosi tunakwenda Namakwekwe wote wawili. Wamjibu wenyewe, usoni.