Tulipokata Ngoma Kigombe

Cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na jino langu moja liko hukohuko Kigombe mpaka leo. Mimi si mtu wa majini wala mapepo, mimi ni mpiga gitaa.

Tunapiga kantri, muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Ndiyo, kantri, Tanga hiihii ya taarabu! Tuko bendi tatu, zote hohehahe, na tunabebana: moja ikipiga, nyingine mbili zinabeba spika, zinapanga viti na kushangilia mpaka wenyeji waone haya kukaa kimya. Tunavaa kofia pana na buti, tunaimba habari za ng'ombe ambao hatuna. Watu wanatucheka, lakini walikuwa wanakuja, kwa sababu ya Sefu. Sauti ya Sefu ilikuwa inaliza watu wazima. Na Sefu ni ndugu yangu wa kunyonya, mama yake ndiye aliyeninyonyesha mama yangu alipougua, pale Nguvumali.

Mpiga ngoma wetu ni Mbwana, mtu wa Mwera, ambaye shangazi yake anapunga pepo. Huko kila pepo huitwa kwa mdundo wake, na akishampanda mtu hamruhusiwi kuacha kupiga mpaka aseme anachotaka, apewe, aage. Mbwana akauchukua mdundo mmoja wa shangazi yake, akauweka chini ya wimbo mpya wa Sefu.

"Shangazi anajua?" nikamuuliza.

"We nawe! Pepo gani atapanda kwa gitaa?"

Tukacheka. Na kusema kweli, ulikuwa mtamu.

Tukaenda kuupiga Kigombe, baada ya alasiri, uwanja wa nyuma ya duka la Mzee Firoz, Mhindi mmoja anayependa kantri kuliko sisi wenyewe. Mbele kabisa alikaa mtu mrefu mwenye kofia na buti. Sisi tulidhani ni wa bendi nyingine, nao wakadhani ni wa kwetu. Alitikisa kichwa vizuri, nami nikafurahi, mshabiki ni mshabiki.

Tulipoingia kwenye wimbo mpya, mabega yake yakaanza kutetemeka. Sefu akaona amempata mtu wake, akamwimbia yeye hasa. Jua lilikuwa linakuchwa. Yule mtu akasimama, akavua kofia, akafungua mdomo kutaka kusema, na papo hapo adhana ya magharibi ikasikika.

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Bendi gani ya Tanga inapiga juu ya adhana? Tukakata ngoma, wote pamoja, kwa adabu, kama tulivyozoea.

"Mwanikata njiani?" akauliza. Wallahi, ile haikuwa sauti ya mtu mmoja.

Alimwanza Mbwana. Akamvunja mkono wa kulia, nikausikia mfupa. Vijana wawili wakamvaa. Mmoja alitupwa juu ya spika akapasuka kichwa, wa pili aling'atwa bega mpaka nyama ikatoka. Mimi nikampiga na gitaa mgongoni kwa nguvu zangu zote, likavunjika vipande, naye hakugeuka hata kunitazama. Alinipa kiwiko cha mdomo tu, ndipo jino lilipokwenda. Kisha akamkaba Sefu koo kwa mkono mmoja, akamnyanyua mpaka buti zikaacha ardhi. Macho ya ndugu yangu yakamtoka, miguu ikatapatapa hewani.

"Piga!" Mbwana akalia kutoka chini. "Piga ule mdundo mpaka aage!"

"Adhana, bwana! Ngoja iishe!" Mzee Firoz akapiga kelele.

Ningoje nini? Ndugu yangu anakufa! Nikaivamia ngoma, nikapiga kwa viganja, huku namwomba Mungu anisamehe, machozi na damu vinanichuruzika kidevuni. Lakini mimi si mpiga ngoma. Nikawa nakosea, na kila nilipokosea nikaviona vidole vyake vinazama shingoni kwa Sefu. Niliogopa sijapata kuogopa vile. Mwisho viganja vikaushika mdundo, na yule mtu akaanza kuyumba nao, taratibu, ingawa hakumwachia.

"Nataka sauti," akasema.

Pepo akiomba, ndugu wa mtu ndiye hujibu. Mbwana akanikodolea macho. Ndugu wa Sefu pale alikuwa nani, kama si mimi?

"Chukua," nikasema.

Akamwachia, Sefu akaanguka chini. Yule mtu akavaa kofia yake, akaaga kwa heshima, "Haya, kwaherini wenyewe," akaingia mkongeni. Vijana wakamfuata na mapanga, wakarudi wamechanwa na miiba, mikono mitupu.

Sefu yu hai. Madaktari wamelichungulia koo lake wakasema zima, halina hata kovu. Lakini hatoi neno, hata kukohoa hasikiki. Bado anakuja kubeba spika na kupanga viti. Alinisikia nilivyojibu siku ile, na hajanionyesha kinyongo, jambo linaloniuma kuliko kama angenipiga ngumi.

Juzi rafiki yetu mmoja akanipigia simu kutoka Pangani, furaha tele. "Kumbe Sefu kapona! Yuko hapa harusini anaimba, kofia kaishusha usoni!" Sefu alikuwa mbele yangu anakunywa uji. Akaninyang'anya simu, akaiweka sikioni, akausikiliza wimbo mpaka mwisho. Alilia, lakini hakukubali niikate.

Basi wewe unayepiga chochote pwani hii, mdundo wa wenyewe waachie wenyewe. Na ukimkuta mwimbaji mrefu mwenye kofia, anaimba vizuri kupita kiasi, usimshangilie, na akikuomba kitu usiitikie. Sauti ile ina mwenyewe, na mwenyewe yuko Nguvumali, anaitaka.