Nesi Aliyekimbia Sindano

Jamani, nalisema hili kwa sababu nusu ya mtaa wetu wa Lemara wanalijua na nusu nyingine wamesimuliwa vibaya, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe, Elibariki, nesi wa chumba cha sindano, mwaka wa tisa kazini.

Zahanati yetu ilileta mtaalamu wa zile sindano nyembamba za Kichina za kutuliza maumivu, dada mmoja mpole anaitwa Happiness, akapewa chumba pale pale kwa wagonjwa wa nje. Wiki mbili hakuingia mtu. Daktari mfawidhi akatangaza kikaoni kwamba hali ikiendelea hivyo chumba kinarudi kuwa stoo, Happiness akainamisha kichwa, na mimi (kiherehere changu!) nikanyoosha mkono: "Nichomeni mimi, mbele za watu, waone."

Sasa, kuchoma nachoma vizuri sana. Kuchomwa ndiyo shida (hata malaria huwa naomba vidonge), na hilo sikumwambia mtu.

Kiti kikawekwa katikati ya ukumbi, wagonjwa wakanizunguka, Happiness akachoma ya kwanza kwenye paji la uso, sikusikia kitu, ya pili, ya tatu, hadi ya tano, nikaanza hata kutabasamu, ndipo nikageuka nikajiona kwenye kioo cha dirisha: nungunungu mzima! Sijui miguu iliamriwa na nani. Nilishtukia nimepita geti, niko barabarani na sare nyeupe na sindano tano usoni, Happiness nyuma yangu, "Kaka Eli, simama, utajiumiza!", na nyuma yake wagonjwa, waliodhani kuna moto, nao wanatoka mbio. Mama muuza ndizi akajifunika kanga: "Yesu wangu!"

Walinikamatia kwa fundi viatu. Niliporudishwa, ukumbi ulikuwa mtupu, isipokuwa bibi mmoja wa Ngaramtoni ambaye magoti yake hayakumruhusu kukimbia.

"Shikamoo, koko," nikasema, kama tunavyowaita bibi zetu huku, macho chini.

"Marahaba. Zilikuuma?"

"Hapana, koko. Hata kidogo."

"Sasa ulikuwa unakimbia nini?"

Bibi akanikabidhi fimbo yake, akapandisha gauni hadi magotini, akamgeukia Happiness: "Nichome mimi, mwanangu. Huyu mwache apumzike."

Alhamisi alirudi na majirani watatu, na leo chumba kina foleni. Ila wakifika mapokezi wanauliza, "Kwa yule nesi aliyekimbia ni wapi?" na Happiness mwenyewe ameshachoka kuwasahihisha. Mimi kwenye vikao siku hizi mikono yangu naikalia, yote miwili.