Diski Mpya ya Cherehani

Ofisi nzima ya masjala humwita dada yangu Cherehani, na jina hilo hakulipata kwa kushona. Enzi za mashine ya taipu, mwenye barua alikuwa hajamaliza kujikuna kichwa, karatasi imeshatoka. Mimi alinifundisha herufi kwenye mashine hiyohiyo kabla sijaanza shule. Huenda ndiyo sababu nikawa fundi wa kompyuta.

Miezi mitatu iliyopita mkuu wake alimwita akamwambia faili zinarundikana mezani kwake. Zisipopungua hadi Ijumaa, atahamishiwa mlangoni, kupokea wageni na kuwaonyesha viti. Miaka ishirini na sita ya kuchapa, halafu viti. Alinijia dukani amevimba kwa hasira.

"Kompyuta ya ofisi ndiyo inanichelewesha," alisema. "Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kunywa chai, ukamsengenya mtu mpaka ukamwonea huruma, ukirudi bado haijafunguka."

Hapo hakusema uongo. Nilikwenda ofisini kwake, nikaipima kwa saa yangu ya mkononi: dakika nne na nusu kuwaka, dakika nzima kufungua faili moja. Nikamweleza kwamba diski yake imezeeka, ni ya zile zenye sahani inayozunguka ndani. Tuweke ya kisasa isiyozunguka.

"Na memori yenye kasi. Nimesikia zipo."

"Dada, memori unayo ya kutosha. Hiyo yenye kasi zaidi nitaiona mimi kwenye vipimo vyangu, wewe kwenye barua zako hutaiona. Wenzangu wanaiuza kwa maneno matamu tu."

"Weka vyote viwili. Sitaki kubahatisha."

Mimi ni mbishi, lakini kwa dada yangu ubishi huniisha. Jumanne asubuhi nilivifunga palepale ofisini, wenzake wametukodolea macho. Sekunde kumi na nne, imewaka. Faili ikafunguka kabla hajaondoa kidole. Kwa ubishi wangu nikaitoa ile memori mpya, nikarudisha ya zamani, nikapima tena: kumi na nne vilevile. Karani wa deski la pili akapiga makofi, nami nikavimba kichwa, nakiri.

Kisha dada akaanza kuchapa.

Aliinua karatasi yenye mwandiko wa mkono mpaka karibu na pua. Akaishusha, akautafuta mstari kwa kidole, akaupoteza, akaiinua tena. Maneno sita. Akafuta mawili. Kompyuta imetulia inamsubiri, na chumba kizima kimenyamaza, kwa sababu sasa hapakuwa na kingine cha kusubiriwa. Niliona aibu iliyonichoma. Nilikuwa nimepima kila kitu mezani pale isipokuwa mwenye meza.

Nikainama kama ninayekusanya nyaya. "Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu," alinong'ona. "Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa, kisha mtu anaona tena. Niliogopa kisu. Mashine ilikuwa inanisitiri, mdogo wangu. Lawama zote zilikwenda kwake. Irudishie diski yake."

Diski ya zamani ilikuwa mfukoni mwangu, na kuirudisha ni kazi ya dakika kumi. Nilitamani kumtii. Nikamwambia sitairudisha, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona dada yangu akinitazama kwa chuki. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe hadi mlango wa mkuu, nami nyuma yake.

"Mashine ni nzima, mkuu," alisema. "Macho ndiyo mabovu, na nimeyaficha mwenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenipeleka mlangoni."

Mkuu alimpa ruhusa ya matibabu, na deski lake hakulikabidhi kwa mtu mwingine.

Wiki iliyopita nilikuwa kando ya kitanda muuguzi alipomwondolea bendeji ya jicho la pili. Dada alipepesa, akageukia upande wangu, akanitazama kwa kitambo kirefu.

"Mdogo wangu," alisema, "mvi zote hizi umeziota lini?"