Mche wa Enchoncho kwenye Tranka

Alistidia Kokuhirwa Mwijage Byarugaba ni mtu wa Izigo, wilaya ya Muleba, na jina hilo hakuliokota njiani. Babu yake, Byarugaba, ndiye aliyekwenda kukaa kwenye rweya, kule kwenye nyasi tupu ambako watu walisema hapaoti kitu, akabeba samadi kichwani miaka saba mpaka pakawa kibanja chenye migomba na kahawa. Bibi yake, Ephrasia, aliachwa mjane na watoto watano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutumwa kwa jirani kuomba ndizi. Baba yake, Mwijage, ndiye aliyepanda juu ya kigango siku upepo wa ziwani ulipong'oa bati, akalala kifudifudi juu ya paa mpaka mvua ikapita, na misa ikaendelea chini yake. Alistidia mwenyewe, akiwa darasa la sita, alivusha wadogo zake wawili mto ukiwa umefurika, mmoja mgongoni, mwingine kamkamata ukosi wa shati.

Mtu wa ukoo kama huo hutembea shingo juu. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Alipomaliza kidato cha nne na alama zisitoshe kuendelea, alipata nafasi kwenye chuo cha bweni pale Muleba mjini, miaka miwili, kilimo na upishi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Asubuhi ya kuondoka, mwezi wa kwanza, Ephrasia alishuka kibanjani na jembe, akarudi na mche mmoja wa mgomba, umekatwa majani na kufungwa kwenye maganda makavu ya mgomba. Ulikuwa Enchoncho, ule wa ndizi laini zinazoiva haraka chunguni, aliouleta Byarugaba mwenyewe.

"Mtu wa Byarugaba haendi kula ndizi za watu kabla ya kupeleka zake," alisema Ephrasia. "Upande. Ukizaa watakujua umetoka wapi."

Alistidia aliuzungushia kanga, akauweka kwenye tranka chini ya shuka.

Sasa, chuoni kulikuwa na sheria, na ilisomwa kwa sauti siku ya kwanza, wanafunzi wote wamesimama. Mche wowote wa mgomba kutoka nje usiingie shambani kabla Mwalimu Gamaliel, mkuu wa kilimo, hajaukagua na kuutenga. Sababu kila mtu wa Kagera anaijua: ni mnyauko. Mgomba unaonekana mzima, kumbe umebeba ugonjwa ndani. Majani yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukikata shina linatoka ute wa njano kama usaha. Panga lililokata mgomba mgonjwa likigusa mgomba mzima bila kupitishwa motoni, na huo umekwisha. Chuo kililisha vijana mia na ishirini kutoka kwenye kibanja chake. Atakayevunja sheria hiyo atarudishwa kwao.

Alistidia alisikia, akatia sahihi. Lakini moyoni aliona kwamba maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya watu wenye vibanja vichafu. Kumpelekea mwalimu mche wa Byarugaba aupindue na kuuchungulia ilikuwa sawa na kumvua bibi yake nguo mbele za watu. Kesho yake, kabla ya kengele ya kwanza, alitoka na panga la jikoni, akachimba shimo nyuma ya jiko, mwisho wa mstari, akaupanda. Mizizi iliyomzuia aliikata kwa panga hilohilo, kisha akalirudisha mahali pake.

Basi maisha ya bweni yakaanza. Kengele ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa kwa mnyororo, ikigongwa saa kumi na moja alfajiri. Foleni ya bombani, ndoo zimepangwa, na ndoo isiyo na jina inasukumwa nyuma. Uji, usafi, darasani, shambani. Vitanda vilikuwa vya juu na chini, na kitanda cha chini yake alilala Lilian, mtoto wa Bakoba, Bukoba mjini, Mlutheri wa kwaya, ambaye mpaka anafika pale hakuwa amemenya ndizi hata moja bila kuonewa huruma.

Siku ya zamu yao ya kwanza jikoni, Bi Nuriat, mpishi, alimtazama Lilian kwa muda, mikono kiunoni.

"Wewe binti, unamenya au unachonga mwiko?"

"Namenya, Bi Nuriat."

"Maganda yako yana chakula kuliko ndizi zako. Hayo uliyotupa yanatosha kulisha familia. Mwonyeshe, Alistidia."

Alistidia alimwonyesha, naye hakuficha kwamba anaonyesha. Kisu kilipita mara nne, ganda likaanguka, ndizi ikaingia kwenye maji ikiwa nyeupe. "Kwetu mtoto wa miaka mitano anamenya hivi," alisema.

"Kwetu mtoto wa miaka mitano anajua kufungua kompyuta," alijibu Lilian. "Lakini sijakucheka, mama mkwe." Jikoni kote wakacheka, na tangu siku ile walikuwa marafiki.

Ilipofika mwezi wa sita, Mzee Ildefons, mtunza kibanja wa chuo kwa miaka ishirini na mbili, alimwita Mwalimu Gamaliel nyuma ya jiko. Mgomba wa mwisho wa mstari ulikuwa umelegea majani yote. Wa pili yake ulikuwa umeanza. Wa tatu ulikuwa na mkungu, na ndizi tatu katikati yake zimeiva peke yake, nyingine bado changa. Mwalimu alikata moja. Ndani ilikuwa kahawia.

Kabla ya Jumapili walihesabu mashina thelathini na nane yaliyougua.

Mwalimu Gamaliel hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza panga gani lilitumika mstari ule. Ildefons akasema lake. Akaulizwa kama kila mara alilipitisha motoni. Akajibu, "Si kila mara." Habari hiyo ikatembea mpaka bwenini: kamati ya chuo itakaa Ijumaa, na mzee ataondolewa. Watu walimhurumia, lakini panga lilikuwa lake na kinywa kilichokiri kilikuwa chake.

Alistidia hakula jioni ile. Alijua mgomba wa mwisho wa mstari ni upi. Lakini je, kama mche ulikuwa mzima na ugonjwa uliletwa kweli na panga la mzee? Hilo alilishika kama mtu anavyoshika tawi juu ya maji. Simu za wanafunzi zilikaa kwa matroni, na zilitolewa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Aliichukua yake, akaenda mpaka kwenye miti ya kahawa, akampigia bibi.

Walisalimiana kirefu. Akaulizia kuku, akaulizia goti la bibi, kisha akaulizia migomba.

"Migomba ipo," alisema Ephrasia.

"Yote, Bibi?"

Jogoo aliwika upande ule wa simu.

"Kuna mtu wa kutengeneza pombe alikuja mwaka jana kununua ndizi," Ephrasia alisema. "Akakata mwenyewe kwa panga lake. Tangu hapo ile ya nyuma inageuka rangi. Nimeikata, nimeifunika kwa nyasi. Hakuna aliyeona."

"Ile Enchoncho uliyonipa uliichimba wapi?"

"Nyuma kule. Ilikuwa nzuri kuliko zote." Kisha sauti ikawa ndogo lakini ngumu. "Usimwambie mtu, mwanangu. Hiki ni kibanja cha Byarugaba. Sitaki watu waje kusimama barabarani kunyoosha vidole."

Alistidia alibaki amesimama kwenye miti ya kahawa na simu mkononi. Akisema, atarudishwa Izigo kabla ya mwaka kwisha, na aibu ya kibanja itajulikana kwa watu wote. Asiposema, Ijumaa mzee wa watu ataondoka na kofia yake, miaka ishirini na mbili, kwa mche ambao hakuupanda. Alimwambia Lilian, maana jambo lilikuwa kubwa kwa mtu mmoja.

Lilian alikaa kitandani, akavuta magoti. "Unataka nikwambie nini? Nikikwambia nyamaza, utanichukia. Nikikwambia sema, ukifukuzwa utanichukia pia."

"Sema tu unachofikiri."

"Nafikiri mzee ana wajukuu wanne. Na nafikiri ukiondoka nitarudi kuchonga miiko."

Kwa desturi ya nyumbani, kosa halianzi kupelekwa kwa mkubwa. Linaanza kwa yule uliyemkosea. Jumatatu, saa ya kazi za shamba, Alistidia alimkuta Ildefons kwenye kibanda cha zana, ananoa jembe. Akapiga magoti, akaanza kwa neno la heshima la Kihaya.

"Waitu, Mzee Ildefons. Mgomba wa mwisho wa mstari niliupanda mimi. Nilitoka nao nyumbani, nikauficha."

Ildefons aliendelea kunoa. "Simama, sakafu ina misumari." Alipoona hasimami, akaweka tupa chini. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Binti, kila shina humu nimelipanda mimi. Asubuhi moja naamka, kuna mtoto nisiyemzaa. Nikamtazama. Enchoncho. Tena wa zamani, siku hizi hauonekani hivi hivi." Alitikisa kichwa. "Ilitakiwa niung'oe siku ile. Nikasema, huyu ni mzuri mno, ngoja nimwone akikua. Nikaupogoa kwa panga langu na kwenda kwenye mwingine. Kwa hiyo usiniletee magoti kana kwamba mimi ni mtakatifu. Wewe umeleta, mimi nimesambaza."

"Kwa nini hukusema kwa Mwalimu?"

"Ningesema nini? Mzee mwenye mvi alipenda mgomba?"

Hapo Alistidia alicheka na machozi yakatoka pamoja na kicheko. Wakaenda wote wawili.

Mwalimu Gamaliel aliwasikiliza mpaka mwisho, na Ijumaa kamati ikawasikiliza tena. Alistidia alisimama mbele ya meza, akasema jina lake lote, akasema na la babu yake, akaeleza alivyoficha mche, tangu kanga mpaka panga la jikoni. Hakutaja mtu wa pombe wa Izigo mpaka mjumbe mmoja alipouliza, "Na huko nyumbani ugonjwa upo?"

Swali hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko kufukuzwa. Alistidia alitazama dirishani.

"Upo," alisema.

Walimtoa nje. Alikaa kwenye benchi nje ya ukumbi karibu saa nzima, Lilian pembeni yake akijifanya kusoma daftari alilolishika juu chini. Walipomwita, Mwalimu Gamaliel ndiye aliyesema. Sheria inasema arudishwe. Lakini mtu aliyejileta mwenyewe wameona wambakize, kwa masharti. Likizo yake yote ya mwezi wa sita ni ya kung'oa mashina: wiki ya kwanza hapa, yeye na Mzee Ildefons, ambaye naye atabaki na onyo. Wiki ya pili Izigo, kwa bibi yake, pamoja na bwana shamba wa kata.

"Wewe ndiye utakayempigia bibi," alisema Mwalimu. "Sisi hatutaingia kwa mtu kama wezi."

Alimpigia siku ileile. Alieleza yote bila kupunguza. Ephrasia hakukatiza hata mara moja, hata Alistidia akadhani simu imekatika.

"Bibi?"

"Nipo. Babu yako alianza na nyasi tupu."

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nilikuwepo. Nilibeba samadi hiyo na mimi, ingawa wanamtaja yeye." Akakohoa. "Waambie waje mchana. Asubuhi nitakuwa nafagia. Na huyo bwana shamba asije na panga lake. Atatumia letu, nitaweka moto tayari."

Wiki ile ya kwanza walichimba mashina thelathini na nane. Si kazi ya mchezo: shina la mgomba limeshika ardhi kama jino la gego, na unalitoa vipande vipande, kila kipande kinakwenda kwenye lundo, kila jembe linarudi motoni. Ildefons alichimba polepole na kusimulia habari za kila shina, lilizaa mwaka gani na mkungu wake ulikwenda kwenye sherehe ya nani. Kufika Jumamosi nyuma ya jiko palikuwa wazi, mtu aliweza kuona mpaka barabarani. Pale hapatapandwa mgomba kwa miezi sita, watapanda maharage.

Miezi hiyo sita lazima iwe na mlinzi. Masalia ya mizizi huchipua tena, na chipukizi moja tu likiachwa, kazi yote imekuwa bure. Mwalimu Gamaliel alikuwa amempa Alistidia ukaguzi wa kibanja chote, kila Jumanne na Jumamosi. Lakini Jumapili alikuwa anaondoka kwenda Izigo, na kazi ya kule hakuna aliyejua itachukua wiki moja au tatu.

Asubuhi ya kuondoka alimkuta Lilian jikoni kwenye zamu ya likizo, anamenya ndizi, maganda yakiwa membamba kuliko zamani ingawa bado si membamba. Akamnyang'anya kisu, akakiweka mezani, akamkabidhi daftari la ukaguzi.

"Mimi?" alisema Lilian. "Mtoto wa Bakoba?"

"Wewe. Tena ni afadhali, huna mgomba wa kwenu wa kuuonea fahari."

"Hiyo ni sifa au tusi?"

"Utaamua mwenyewe. Sikiliza. Unaanzia nyuma ya jiko, unakwenda mstari kwa mstari mpaka kwenye uzio. Usiruke mstari kwa sababu ya matope, Mzee Ildefons ataniambia. Ua jekundu likishuka chini ya mkungu, livunje kwa kijiti chenye panda, usiguse kisu. Jani likilegea, usikate, mwite Mwalimu kwanza. Na kwenye yale mashimo thelathini na nane, chipukizi lolote likitoka, ling'oe siku hiyohiyo."

"Hata likiwa zuri?"

Alistidia alinyanyua begi lake, akaliweka begani.

"Hasa likiwa zuri."