Eda Isiyokwisha

Harufu niipendayo mpaka leo ni ya mbegu za haradali zikipasuka kwenye samli ya moto. Ilitoka mlango wa pili, ng'ambo ya ukumbi, tulipokuwa tukikaa Mankhool: baba, mama, mimi, dada yangu Zuwena, na Bibi mzaa baba, aliyehamia Dubai na Kiunguja chake chote bila kupunguza hata neno. Msimu huo nyumba yetu ilijaa huzuni. Posa ya Zuwena ilikuwa imekuja kutoka Maskati, Bibi keshaikubali, na shule ingekwisha kwake mara muhula utakapofungwa. Zuwena alikuwa na miaka kumi na mitano na kichwa chepesi cha hesabu. Akiosha vyombo analia, na Bibi anamwambia sufuria hazing'ai kwa machozi.

Mlango huo wa pili alikuwa amehamia, kabla hata ya posa, bibi mmoja wa Kihindi, kwa mpwa wake. Tulimwona kwa nadra, mlango ukiwa nusu wazi: sari nyeupe, kichwa kimefunikwa, mikono mitupu bila hata bangili moja. Bibi akamdhania Muislamu mwenzetu, tena yuko edani. Basi! Redio ikateremshwa sauti, na sisi tukakatazwa kukimbia ukumbini. "Nyamazeni, mna nini nyinyi? Mwenzenu kafiwa na mume!" Miezi ikapita, joto likaja likaondoka, sari bado nyeupe. "Eda gani hii isiyokwisha?" Bibi akanung'unika, mwisho akaamua kwenda kumtoa eda mwenyewe. Akaoka vileja, akachukua udi na kanga mpya, akanishika mkono, tukagonga.

Alitufungulia, akajitambulisha kwa jina la Kantaben. Kumbe Kiswahili anakijua, tena cha Mombasa, alikofundisha wasichana ujana wake wote! Bibi alipomweleza tulichokuja kufanya, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, mimi Mhindu. Na huyo mume alikufa meno yangu ya utotoni hayajaisha kung'oka. Hata sura yake siijui."

"Hee! Masikini ya Mungu!" Bibi akashika kifua.

Akatuhadithia. Zama za Mwingereza, kwao Gujarat, mjane hata akiwa mtoto alinyolewa kichwa, akavishwa nyeupe, akafichwa jikoni. Yeye na binamu yake Rami walifiwa karibu pamoja. Mji wa jirani kulikuwa na watu waliofungua shule ya wajane wadogo, wakitukanwa kwa hilo kila uchao. Baba yake akampeleka, ingawa jamaa waligoma kula naye tena. Baba yake Rami aliogopa maneno ya watu.

"Mimi nikasoma, nywele zikaota," alisema. "Rami akazeekea jikoni. Niliporudi kumwona, aliniomba nimwonyeshe jina lake linavyoandikwa."

Bibi akaaga, akanishika mkono. Tulipofika nyumbani akamwita baba.

"Waambie hao wa Maskati, Zuwena anasoma."

"Mama, tumeshatoa neno. Watu watasemaje?"

"Neno nilitoa mimi, nalirudisha mimi. Waseme mpaka wachoke, khalas!"

Na walisema kweli. Harusi za Maskati tukawa tunazisikia tu. Lakini kila alasiri Zuwena alivuka ukumbi kwenda kufanya hesabu kwa Kantaben, nami nikimfuata kwa ajili ya karanga za kukaanga. Wallahi, sijapata tena raha kama ya alasiri zile.

Leo nakaa Al Nahda, Dubai hii hii, ghorofa ya juu, na jirani yangu simjui hata jina. Akifiwa, nitaambiwa na mlinzi wa getini. Namkumbuka Bibi hapo mpaka roho inauma, yeye aliyekosea kwa sababu ya kumjali mtu asiyemjua. Zuwena ni mwalimu, na aliolewa baadaye na mtu aliyempenda mwenyewe. Zamu yangu ilipofika, hakuna aliyeuliza kama nitasoma; nilisoma tu. Binti yangu naye yuko chuo kikuu, na kila jioni anatupa mkoba kwenye kochi analalamika kwamba masomo yamemchosha. Nikitaka kumkemea, Zuwena akiwapo hunizuia.

"Mwache alalamike," husema. "Mimi nililia niachiwe nichoke hivyo."