Mshono Mrefu, Mshono Mfupi

Dada yangu mkubwa, Mama Cherehani, ameshona nguo miaka hamsini na miwili, na macho yake nayajua. Siku moja inzi alipita dirishani, dada akasema, "Huyo mguu wake wa nyuma umeteguka." Tukamfuata. Kweli, alipotua alikuwa anachechemea. Anayebisha akamuulize inzi.

Sasa mwanawe, karani wa benki, akanunua televisheni pana kama mlango wa ghala, akatuita sebuleni tuone sinema. Picha ilikuwa ikifuata treni taratibu, vigingi vya uzio vikipita kimoja kimoja. Dada akakunja uso.

"Inaruka mshono."

"Nini, mama?"

"Picha. Mshono mrefu, mshono mfupi, mrefu, mfupi. Aliyeshona kitu hiki alikuwa anasinzia."

Mwana akacheka, kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo balaa lilipozuka. "Mama, macho yamekwisha. Mara ngapi nimekuambia ushonaji basi? Utajitoboa vidole. Kesho cherehani inaondoka." Mkewe akaitikia kwa kichwa, ile pembe ya cherehani alikwisha kuipimia kabati la vikombe.

Asubuhi yake cherehani ikawa mlangoni, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Dada akapanda, akaketi juu yake. Watu wazima watatu walivuta wakashindwa. Mimi nilikuwa wa nne, ila nilivuta upande wa dada.

"Nitoeni mimi kwanza," akasema. "Na hata mkinitoa, hiyo picha yenu inaruka mshono!"

Fundi wa televisheni alikuwa juu ya ngazi, akitundika spika ukutani. Akageuka. "Inaruka vipi, mama?"

"Mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Vigingi vinashtukashtuka, wewe huoni?"

Fundi akashuka, akawasha ile sinema, akasogea karibu na kioo. Akacheka peke yake.

"Mama huyu haoni vibaya, anaona kupita kiasi. Sinema ina picha ishirini na nne kwa sekunde. Televisheni imewekwa kumulika mara sitini. Hazigawanyiki sawa, kwa hiyo picha moja inamulikwa mara mbili, inayofuata mara tatu, tena mbili, tena tatu..."

"Mfupi, mrefu," dada akamkatiza. "Usinifundishe kazi. Rekebisha."

Fundi akashika rimoti, akaingia kwenye mipangilio, akaiamuru televisheni ifuate mwendo wa sinema yenyewe. Kioo kikawa cheusi tii.

"Ameiua!" mkwe akapiga ukelele.

Kikarudi. Treni ikateleza, vigingi vikapita laini kama pindo lililopigwa pasi. Hata mimi, ambaye jana sikuona kasoro yoyote, niliapa kwamba nilikuwa nimeiona.

Mwana akatazama vidole vyake vya miguu. "Mama, basi..."

"Basi nini? Shika huku, mkeo ashike kule. Irudisheni kwenye pembe yake."

"Si ushuke kwanza?"

"Nani kasema nashuka?"

Wakambeba hivyo hivyo, na cherehani yake, naye akiwakemea wasimgonge kwenye ngazi ya fundi.