Kaka Yangu na Makaburi ya Kata Nzima

Kaka yangu alitangaza nia ya kugombea udiwani akiwa amelala chini ya pikipiki ya mtu. Yeye ni fundi, kibanda chake kiko sokoni Isingiro, na mambo yote makubwa huwa anayasema akiwa chali, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilikuwa nimempelekea chakula baada ya shule.

"Nafikiria kuchukua fomu ya udiwani," miguu ikasema.

Nikaiuliza miguu kama itakula sasa au baadaye.

Nyumbani hakuna aliyecheka isipokuwa mimi. Baba alizima redio, jambo ambalo halifanyi hata wakati wa sala. Mama alikuwa anamenya ndizi na hakuinua kichwa. "Hujajenga hata choo chako," akasema, "unataka kuwajengea watu zahanati." Kaka akamjibu kwamba zahanati ndiyo hasa inayomsukuma. Kuta zake zimesimama bila paa tangu mimi niko shule ya msingi, mbuzi wanaishi humo bila kulipa kodi, na wajawazito wanaopelekwa hospitali ya mbali kwa pikipiki, anayewapeleka mara nyingi ni yeye. Bibi, mama yake baba, ambaye miguu ilikuwa imeshamgomea, akauliza kwa Kinyambo kutoka chumbani kama diwani anapewa sukari.

"Anapewa, bibi," nikamwambia.

"Basi agombee."

Kaka alisema hajaamua, anafikiri, fomu za chama zinafungwa mwisho wa mwezi ujao. Lakini kwetu mtu hafikiri peke yake. Habari ilifika Kimuli kabla hajanawa grisi mikononi.

Sasa niseme jambo moja kuhusu kaka. Amekuwa akichimba makaburi tangu alipomaliza shule. Huku mtu akifa, majirani ndio wanaochimba, wanaleta ndizi, kuni na maji. Wafiwa wenyewe hawashiki jembe. Wanaume wanakwenda shimoni, sisi wa kike tunakaa kwenye rundo la ndizi. Kaka ana mabega na hana uvivu, kwa hiyo kila msiba alikuwa shimoni, na hakuna aliyewahi kusema neno. Ni kama jembe lenyewe. Nani analisifu jembe?

Msiba wa kwanza baada ya habari kuenea ulikuwa wa mzee mmoja jirani na shule yetu. Nilikaa na kina mama, tukamenya mpaka utomvu ukatugandia vidoleni.

"Nani yuko shimoni?" mmoja akauliza.

"Mgombea."

"Eh! Anachimba mwenyewe?"

"Anachimba kura," akasema mama wa mashine ya kusaga, ambaye ulimi wake unasaga kuliko mashine.

"Lakini si alichimba hata la mume wako?"

"Alikuwa anafanya mazoezi."

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Jioni nikampelekea kaka maneno yote, na chumvi yangu juu. Akacheka, lakini kile kicheko cha mtu aliyechoka, kinachoishia puani.

Wiki zilizofuata watu walikufa sana, au labda walikufa vilevile ila sasa kila msiba ulikuwa mtihani. Akienda, anatafuta kura. Alipokwenda kununua vipuri akakosa msiba mmoja, wakasema ameshajiona diwani, hazikani tena na watu. Alipochimba akaondoka bila kula, anajifanya mnyenyekevu. Alipokaa akala, ameanza kula kabla hajachaguliwa. Hiyo ya mwisho niliipenda sana, niliitembeza shuleni darasa hadi darasa.

Kaka alianza kukonda. Akitoka kibandani alikuwa anakaa kwenye benchi la nje, amelegea kama tairi lenye pancha.

"Zamani nilikuwa nachimba tu," akaniambia. "Sasa kila nikiinua jembe najiuliza naliinua vipi."

"Liinue kichama."

Akanitupia kandambili. Hata kandambili yenyewe ilirushwa kwa uchovu, haikunifikia.

Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, kaka ndiye aliyekuwa anambeba bibi kumtoa nje aote jua pembeni ya migomba. Bibi alikuwa ameshaanza kumwita diwani. "Diwani, nigeuze." "Diwani, jua limenihama." Ndiye mpiga kura pekee ambaye hakumshuku. Asubuhi moja kaka akaingia kumchukua kama kawaida, akakaa humo kitambo, kisha akatoka mikono mitupu na kusimama mlangoni.

Siku ya mazishi ya bibi hakuruhusiwa kushika jembe. Alikaa na baba kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, hajui mikono yake aiweke wapi. Diwani aliyeko madarakani alikuja akahutubia mpaka mwinjilisti akaanza kuangalia mawingu. Jeneza liliposhushwa, kaka akalia. Si kule kulia kwa wanaume kwa kukohoakohoa. Alilia mdomo wazi, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Nilikuwa nimesimama nyuma. Mbele yangu mama wa mashine akamgusa mwenzake.

"Umeona? Hata machozi amekuja nayo."

"Kura za kina mama hizo."

"Nyamaza, mjukuu yuko nyuma yetu."

Wakageuka. "Pole waitu, mwanangu," mama wa mashine akaniambia, kwa lile neno letu la kubembeleza, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Mimi nina jibu la kila mtu, mwalimu wa nidhamu ananijua kuliko anavyomjua mkewe, lakini siku hiyo nilisema asante tu.

Sikumwambia kaka. Wengine walimwambia. Tulipomaliza matanga akasimama mbele ya baba na mama akasema, "Naacha. Sichukui fomu. Nataka nizike watu kama mtu."

Baba akasema sawa, upesi mno. Mama akashusha pumzi.

"Na zahanati?" nikauliza.

"Iezeke wewe."

Habari hiyo nayo ilitembea. Kaka akaanza kula vizuri. Siku fomu zinafungwa, ukatokea msiba upande wa juu wa kijiji, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, wachimbaji wachache. Akavaa gambuti, akatupa jembe begani, akanipakia nyuma ya pikipiki. Njiani alikuwa anapiga mluzi. Nikamkumbusha tunakwenda kuzika.

Kwenye ndizi hawakukawia.

"Nasikia hachukui fomu."

"Sasa anachimba nini?"

Mama wa mashine akakata ncha ya ndizi, hakufikiri hata kidogo. "Anajiandaa na uchaguzi ujao. Vijana wa siku hizi wanaanza mapema."

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Waliitikia tu, kama mtu akiwaambia kahawa imeshuka bei. Nikaweka kisu chini, nikachukua ndoo ya maji ya wachimbaji, nikaenda kaburini. Kaka alikuwa ndani, udongo unamfika kifuani. Nikamwambia kama nilivyosikia, safari hii bila chumvi.

Akakaa chini, kwenye tope humohumo shimoni, akacheka. Wachimbaji wenzake wakatazama pembeni kwa heshima, wakidhani ni uchungu wa bibi unamrudia.

"Kumbe hakuna kutoka," akasema.

"Kutoka wapi? Nikushushie ngazi?"

"Nisipogombea nasemwa, na zahanati haina paa. Nikigombea nasemwa, labda ipate paa." Akaninyooshea mkono. "Nivute nisimame."

Alimaliza kwanza kuchimba, akazika hadi jembe la mwisho. Baada ya hapo tukashuka na pikipiki, tukapita kwetu bila kusimama, mpaka ofisi ya chama. Katibu, mzee wa miwani, alikuwa ameshaanza kufunga madirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona matope hivyo?"

"Nimetoka msibani. Nilikuwa nachimba."

Mzee akamtazama kuanzia gambuti hadi kichwani, akatabasamu kama aliyemwelewa kabisa. "Vizuri sana, kijana. Hivyo ndivyo siasa inavyoanzwa."

Kaka akanigeukia. Nikamwonyesha meza kwa kidevu. Akaomba kalamu.

Alipokuwa anajaza nikavitazama vidole vyangu, vyeusi kwa utomvu usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Akishinda, ni miaka mitano ya kumenya huku nikimsikia anasemwa. Akishindwa, hivyohivyo, watu hawaachi kufa kwa sababu kura zimehesabiwa.

"Shika vizuri," nikamwambia. "Unapaka tope karatasi ya watu."